Kindu: Baiskeli ya umeme iliyozimika kwenye mlima wa kivukoni

KINDU, Maniema. – Harufu ndiyo iliyotangulia. Haikuwa harufu ya mawese, ingawa nyuma ya baiskeli kulikuwa na bidoni nne za mawese zilizojaa. Ilikuwa harufu ya vanishi inayoungua, kali, ya kuwasha pua. Baba mmoja wa watoto watano, mkimbizi wa ndani kutoka eneo la Kabambare, alikuwa amefika katikati ya mlima unaopanda kutoka kivukoni kwenda upande wa soko, mtaani Kasuku. Baiskeli yake ya umeme ilisita, ikakwaruza, ikasimama. Aliposhuka ili aisukume, gurudumu la nyuma lilikuwa zito kana kwamba breki imeshikwa. Lakini hakuna aliyeishika breki.

Alibaki pale ameshika usukani, jua la saa nne likimpiga. Wenye pikipiki walimpita wakipiga honi. Mke wake, aliyevuka kwa mtumbwi uliofuata, alimkuta amesimama vilevile. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, Jumamosi tutawaambia nini wale mama?"

Wale mama ni kumi na wawili. Wote wanakaa Alunguli, ukingo wa kulia wa mto Lualaba. Nusu yao ni wakimbizi wa ndani kama yeye, nusu ni wenyeji waliowapokea. Wana likelemba: kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kidogo, na mmoja anachukua pesa yote. Zamu ya mke wa baba huyu ilipofika, wanawake wawili waliokuwa wanamfuata walimwachia na zamu zao, ili pesa itoshe kununua baiskeli. Makubaliano yalikuwa kwamba baiskeli itapandisha mawese na mchele wa wote kutoka kivukoni hadi sokoni kwa bei iliyo chini ya ile ya pikipiki, na deni litarudi polepole. Kwa hiyo kilichoungua siku ile mlimani hakikuwa mali ya mtu mmoja.

Mjini Kindu hakuna daraja juu ya Lualaba. Kinachotoka vijijini upande wa Alunguli kinavuka kwa mtumbwi au kwa kivuko, kisha kinapanda ukingo. Baiskeli, au kinga kama wengi wanavyoiita, imelibeba jimbo hili kwa miaka mingi. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, treni ya kutoka Katanga iliposimama, wanaume walisukuma baiskeli zenye chumvi, sabuni na mawese kwa zaidi ya kilomita 200 kati ya Kindu na Kasongo. Baba huyu alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka kumi na minane. Anaijua kazi hiyo: unafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unasukuma kwa miguu, hupandi. Magoti yake hayajaisahau. Ndiyo maana alitamani baiskeli yenye mota.

Baiskeli hiyo ililetwa na mfanyabiashara aliyeinunua Uganda. Mota iko ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, imeandikwa wati 250, na betri ni ya volti 36. Namba hiyo 250 haikuandikwa kwa ajili ya Kindu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inataka mota ya baiskeli ya umeme ya kawaida isizidi wati 250 za kudumu, na iache kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ni chombo cha mtu mmoja na mkoba wake, juu ya lami.

Bidoni nne za lita 20 za mawese zina zaidi ya kilo 70. Ongeza mtu na baiskeli yenyewe, unafika kilo 170 hivi. Kupandisha kilo 170 kwenye mlima unaoinuka mita 8 katika kila mita 100, juu ya udongo, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kunadai karibu wati 500 kwenye gurudumu. Miguu ya mtu aliyechoka inatoa labda 100. Zinazobaki zote zinadaiwa kwa mota.

Wiki ya kwanza baiskeli ilipanda kwa shida. Jirani yao, kijana anayetengeneza simu, akasema anayo dawa. Alifungua kontrola, yaani kisanduku kinachoongoza umeme kutoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Ndani yake kuna kipande cha waya mnene kinachopima amperi. Ukikipaka bati la kulehemu, kinapima pungufu. Kontrola inadanganyika: inafikiri inatoa amperi 15, kumbe inatoa 25.

Kwa siku nne mlima ukawa kama tambarare. Watoto walikimbia nyuma ya baiskeli wakishangilia. Wateja walianza kumwita kwa mikono kutoka kwenye mitumbwi. Siku ya tano ndiyo ile ya harufu.

Jumapili walimpelekea baiskeli mzee mmoja wa mtaa wa Mikelenge, aliyezeekea kwenye kazi ya kusokota upya mota na jenereta. Mke alikwenda pia, kwa sababu deni ni lake. Kijana wa simu naye alikuja, ameinamisha kichwa.

Mzee alifungua kifuniko cha kitovu, akanusa kwanza, kisha akatazama. Pale ambapo nyaya tatu nene zinaingia kupitia kwenye ekseli, plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na nyaya zilikuwa zinagusana. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya uzito ule. Nyaya hizo zikigusana, sumaku zinazozunguka zinazalisha umeme usio na pa kwenda, na umeme huo unalishika gurudumu kama breki. Akazitenganisha, akapima kwa multimita koili baada ya koili, na kutoka koili hadi mwili wa mota. Shaba ilikuwa imegeuka nyeusi upande mmoja, lakini vanishi ilikuwa bado inashikilia.

"Una bahati, mwanangu," alimwambia baba wa watoto. "Imeungua ngozi, haijaungua nyama."

Kijana akajitetea: "Papa, mimi nilitaka kumsaidia."

"Najua. Ulimpa nguvu, lakini hukuuliza joto litatokea wapi."

Kisha mzee akawaeleza taratibu, akichora kwa kidole mavumbini. Amperi ndizo zinazosukuma, na ndizo zinazochoma, ila hazichomi kwa kipimo kilekile. Ukizidisha amperi ndani ya mota mara mbili, msukumo unakuwa mara mbili, lakini joto kwenye shaba linakuwa mara nne. Kutoka 15 hadi 25, joto linakaribia mara tatu. Volti zina kazi nyingine, zinaleta mbio. Kijana alikuwa tayari anawaza kuongeza betri ifike volti 48. Mzee alimwambia kwamba baiskeli ingekimbia zaidi kwenye tambarare, na mlima ungebaki palepale.

Jambo la tatu ndilo alilolirudia. Mota haiungui kwa kukimbia, inaungua kwa kujikongoja. Inapozunguka haraka, sehemu kubwa ya umeme inageuka kuwa mwendo. Inapobanwa na mzigo hadi ikakaribia kusimama, karibu umeme wote unageuka kuwa joto, na joto hilo limefungiwa ndani ya kitovu kama makaa ndani ya chungu kilichofunikwa. Vanishi ya nyaya ina mwisho wake: kuna inayovumilia digrii 130, kuna inayofika 155. Sumaku za aina ya kawaida zinaanza kudhoofika kuanzia digrii 80 hivi, na zikidhoofika kwa joto hazirudi zilivyokuwa. Bati la kulehemu lenye risasi linayeyuka kwenye digrii 183. Mzee aliongeza kwa kicheko kidogo kwamba bati linatoka kwenye kasiterite, mawe yaleyale yanayochimbwa Kalima, kwa hiyo mtu wa Maniema hana sababu ya kulitumia vibaya.

Mke ndiye aliyeuliza swali lililowaleta. "Papa fundi, ukiondoa bati la huyu kijana, nguvu itatoka wapi? Mlima haujapungua."

Mzee alinyoosha kidole kwenye gurudumu. "Itatoka hapa."

Gurudumu lile lilikuwa la inchi 26. Mota inazungusha kitovu kwa nguvu ileile, lakini gurudumu likiwa kubwa, nguvu hiyo inafika chini ikiwa imepungua, kama mtu anayenyanyua ndoo kwa mkono ulionyooka badala ya kuikaribisha kifuani. Ukikifunga kitovu hichohicho kwenye rimu ya inchi 20, msukumo chini unaongezeka kwa asilimia 30 bila kuongeza amperi hata moja. Na kwa mwendo uleule wa barabarani, mota inazunguka haraka zaidi, yaani inatoka kwenye kujikongoja. Gharama yake ni mbio: baiskeli iliyokuwa inafika kilomita 32 kwa saa itabaki chini kidogo ya 25. "Nani anabeba mawese kwa kilomita 32?" aliuliza mzee. Hakuna aliyejibu.

Rimu ilipatikana kwenye baiskeli ya mtoto iliyokwisha kazi, yenye matundu 36 kama kitovu. Spoki zilikatwa na kuchongwa upya moja moja. Kazi hiyo ilichukua siku mbili, na kijana wa simu aliifanya bila malipo. Bati lilitolewa kwenye kontrola, amperi zikarudi 15. Nyaya tatu zilizoyeyuka zilibadilishwa kwa nyingine nene zaidi, kwa sababu waya mwembamba nao ni jiko. Baiskeli ilishuka nyuma kwa sentimita saba na nusu hivi. Sasa pedeli zinakaribia chini, na kwenye barabara yenye mashimo lazima mtu awe macho. Lakini kibebeo nacho kimeshuka, na bidoni hazimyumbishi tena.

Baba wa watoto aliomba kifuniko kitobolewe ili upepo uingie. Mzee alikataa. Kwenye nchi kavu labda, alisema. Kindu mvua ikinyesha, maji na mchanga vitaingia kwenye matundu hayo, na sumaku zitashika kutu. Kijana alikuwa amesikia kwamba ng'ambo watu wanatia ndani ya mota mafuta yenye chembe za sumaku. Ni kweli. Mafuta ya namna hiyo yalibuniwa mwaka 1963 na Steve Papell wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na kwenye mota zisizo na gia, kiasi kidogo chake kinasaidia kupitisha joto kutoka kwenye koili hadi kwenye ganda la nje. Lakini Kindu hayauzwi, na mafuta ya injini si badala yake, yatavuja na kulowesha breki.

Alichoweka mzee ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele: kipima-joto cha waya mbili, kama vile vinavyotolewa kwenye betri na chaja zilizokufa. Alikigandisha juu ya koili kwa gundi isiyoogopa joto, akapitisha nyaya zake kwenye ekseli hadi usukanini, akaziunga na multimita ya bei ndogo iliyofungwa kwa mpira. Kikiwa baridi, kwenye digrii 25, kinasoma omu 10,000. Kadiri joto linavyopanda, namba inashuka. Ikifika omu 1,000, ndani ya mota kuna karibu digrii 90.

"Namba ikiwa elfu moja, unashuka," alisema mzee. "Hata kama umebakiza hatua kumi ufike. Unashuka, unasukuma, unaweka kivulini."

Jumatano walijaribu. Bidoni nne, baba anakanyaga pedeli tangu chini kabisa, kwa sababu mota isiachiwe kuanza peke yake. Binti yake wa kwanza, wa darasa la sita, alitembea kando na daftari. Katikati ya mlima multimita ilisoma 2,000. Juu ilisoma 1,400. Hakukuwa na harufu. Walishuka wakapanda tena bila kupumzika, na safari hii namba ilifika elfu moja kabla ya kilele. Baba alitaka kumalizia. Binti alisimama mbele ya baiskeli. Akashuka.

Kwa bidoni tatu, walipanda mara nyingi wakipumzisha baiskeli kivulini kati ya safari, na namba haikushuka chini ya 1,600. Sheria ikawa hiyo: bidoni tatu, kisha mapumziko.

Sheria hiyo ilipimwa mapema. Ijumaa, mfanyabiashara mmoja alishuka mtumbwini na bidoni sita, akaahidi malipo mara mbili zikipanda zote kwa safari moja. Pesa hiyo ingetosha kupeleka kitu kwenye likelemba kesho yake. Baba alizitazama bidoni, akaitazama multimita. Akasema atapandisha tatu, kisha tatu. Mfanyabiashara hakuwa na muda. Aliita pikipiki, na pesa ikaondoka nayo. Jioni hiyo, nyumbani kulikuwa na sombe bila samaki.

Jumamosi mke alikwenda kwenye mkutano mikono mitupu, akiwa na daftari la binti yake. Mmoja wa wanawake walioachia zamu alikuwa na hasira, na alikuwa na haki. Yeye ni mwenyeji, nyumba yake ina watu kumi na wanne tangu alipowapokea shemeji zake waliokimbia, na pesa ile alikuwa ameipangia bati la paa. Alisema aliambiwa mashine inapanda mlima, hakuambiwa inapumzika kama mwenye mimba. Baadhi walicheka. Yeye hakucheka.

Mke alifungua daftari, akasoma namba za siku tatu. Alieleza elfu moja ni nini. Alisema ile siku ya bidoni nne na amperi za uongo walikuwa wanakula mota yenyewe, wakidhani ni faida. Kwa bidoni tatu watalipa deni kwa miezi mitano badala ya mitatu, lakini watalilipa. Wanawake walijadiliana muda mrefu. Mwishowe walikubali miezi mitano, na yule mwenye hasira akawekwa wa kwanza kulipwa, kabla mvua kubwa hazijaanza.

Hadi sasa baiskeli inapanda. Nyaya za zamani zilizoyeyuka zimetundikwa mlangoni kwa kijana wa simu, naye anawaonyesha wanaokuja kuomba waongezewe nguvu. Anawaambia mambo machache. Kanyaga pedeli mlima usijaanza. Gusa kitovu ukifika: kikiwa cha moto hadi huwezi kuacha kiganja, ndani ni zaidi ya hapo. Tafuta msukumo kwenye gurudumu kabla ya kuutafuta kwenye amperi. Na betri isichajiwe usiku chumbani wanamolala watoto, hasa ikiwa imeanguka au imevimba. Anasimulia pia habari za Jinja, Uganda, ambako shirika la FABIO limekuwa likisambaza baiskeli za umeme ziitwazo AfricroozE, zilizoundwa tangu mwanzo kwa mizigo na barabara za Afrika. Kuna siku, anasema, zitafika Maniema zikiwa tayari. Zile zilizopo zinahitaji kusikilizwa.

Kwenye likelemba, wengi wa mama wale hawajawahi kushika multimita, lakini namba wameichukua. Wiki chache zilizopita familia nyingine ilifika Alunguli usiku, mama na watoto sita, wakagonga kwa mwenyeji yuleyule mwenye watu kumi na wanne. Aliwafungulia, akawapa uji, akawalaza. Jumamosi alisimama mbele ya wenzake. Hakulalamika, hakueleza mengi.

"Mama zangu," alisema, "mimi nimefika elfu moja."

Kabla ya jioni, watoto wawili walikuwa wamechukuliwa na nyumba ya jirani, na wengine wawili walilala kwa mwenye baiskeli.